Kupunguza matumizi yanayojirudia nyumbani: mwongozo kwa kaya za Dodoma

Fedha ya kaya nyingi haimalizwi na matumizi makubwa ambayo baba na mama hukaa chini wakayajadili, kama kununua jokofu au kuezeka nyumba. Inamalizwa na matumizi yaliyoamuliwa zamani ambayo hakuna anayeyaamua tena: king'amuzi kinalipiwa mwezi huu kwa sababu kililipiwa mwezi uliopita, mkaa unanunuliwa kwa kopo kwa sababu ndivyo ulivyonunuliwa jana, na mchango wa kikundi unatumwa kwa sababu jina lipo kwenye orodha. Kupunguza matumizi ya namna hii ni kulirudisha kila tumizi mbele ya familia ili liombe ruhusa upya.

Kwa anayeishi Dodoma kazi hii ina faida ya pekee, kwa kuwa mwaka wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na mavuno huanza kuingia sokoni kuanzia Mei hadi Julai. Mwenye fedha mkononi miezi hiyo hununua chakula cha mwaka kwa bei ya mavuno. Asiyekuwa nayo hununua kilo mojamoja dukani hadi Februari, wakati bei imekwisha kupanda na ada za shule zimekwisha kuondoka na akiba. Kwa hiyo napendekeza kwamba kila shilingi utakayoiokoa kwa hatua zifuatazo uielekeze, mwaka wa kwanza, kwenye chakula cha msimu. Ukiiacha bila kazi, itatafutiwa kazi nyingine kabla ya wiki kuisha.

Andika mwezi mzima kabla ya kukata chochote

Usianze kwa kukata. Anza kwa kukusanya ushahidi wa mwezi mmoja kamili, kuanzia siku mshahara unapoingia au, kwa mfanyabiashara, kuanzia tarehe 1. Ushahidi upo tayari: ujumbe wa LUKU kwenye simu, taarifa ya miamala ya pesa za simu na ya benki, ankara ya maji, na daftari la mangi ambako familia hukopa sukari na sabuni. Yasiyoacha alama, kama nauli, vitumbua vya asubuhi na dumu la maji linaloletwa na mkokoteni, yaandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari linalokaa mahali ambapo kila mtu anaweza kuliandika, pamoja na dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayejua kuliko wote ni nini kinanunuliwa kila siku.

Mwezi ukiisha, pitia taarifa ya pesa za simu mstari kwa mstari, na jumlisha ada peke yake, mbali na kiasi kilichotumwa. Hapa wengi hushtuka. Anayemtumia mama yake aliyeko Kondoa shilingi 10,000 kila wiki hulipa ada ya kutuma mara nne, na mama naye hukatwa mara nne anapotoa. Kwa kuwa ada hupangwa kwa viwango vya kiasi, muamala mmoja wa 40,000 kwa kawaida hugharimu pungufu ya miamala minne midogo. Mama hapunguziwi hata senti. Kinachopungua ni makato. Zungumza naye kwanza, umwamkie na umweleze kwa upole, kwa sababu mzazi aliyezoea kupokea kila Jumamosi anaweza kudhani amesahauliwa.

Kisha zidisha kila tumizi la mwezi kwa 12. Bodaboda ya shilingi 1,500 kila asubuhi kwa siku 22 za kazi ni shilingi 33,000 kwa mwezi, nayo inavumilika. Kwa mwaka ni shilingi 396,000, na kiasi hicho kinastahili kikao. Yanayolipwa mara moja kwa mwaka au kwa muhula yagawe kwa miezi, ili yasije Januari kana kwamba ni msiba wa ghafla.

Kikao chenyewe kiwe cha wanandoa wote wawili, na watoto wakubwa waitwe. Tumizi likikatwa na mtu mmoja kwa siri, hurudi kwa siri vilevile.

Umeme

Jambo la kwanza ni kujua umo kundi gani la wateja. Kwa mteja wa kawaida, shilingi 1,000 hutoa takribani uniti 2.8. Kwa mteja wa kundi la matumizi madogo, lile linaloitwa D1, ambalo limewekwa kwa wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 1,000 hutoa takribani uniti 8.2, na uniti zinazovuka 75 hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi na tozo. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza: uniti 75 hugharimu kama shilingi 9,150 kwa mteja wa D1, na karibu shilingi 26,700 kwa mteja wa kawaida. Ikiwa familia yako ni ndogo na ujumbe wako wa LUKU unaonyesha uniti chache mwezi hadi mwezi, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita, uombe matumizi yako yapitiwe. Ikiwa umo D1 tayari, linda mpaka wa 75 kwa kuandika ukutani ni uniti ngapi zimekwisha kununuliwa mwezi huo.

Vinavyokula umeme ni vile vinavyotoa joto. Taa za LED zimekwisha kupunguza gharama ya mwanga kiasi kwamba kugombana na watoto juu ya taa moja ya sebuleni hakuleti nafuu kubwa. Heta ya bafuni ni habari nyingine: yenye wati 4,500 ikitumika dakika 10 inakula uniti 0.75, na watu wanne wakioga mara moja kwa siku wanamaliza uniti 3, yaani 90 kwa mwezi, ambazo kwa mteja wa kawaida ni zaidi ya shilingi 32,000. Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma ni ya kweli, wala simshauri mtu amwogeshe mtoto mchanga kwa maji ya baridi. Lakini Oktoba na Novemba, jua linapochoma hadi jioni, heta izimwe kwenye swichi yake kuu, na anayetaka maji ya vuguvugu aanike ndoo nyeusi yenye kifuniko uani tangu saa 6 mchana. Pasi ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa. Nguo za wiki zinyooshwe kwa pamoja Jumapili, badala ya kuiwasha upya kila alfajiri kwa shati moja.

Wapangaji wanaotumia LUKU moja, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za Chang'ombe na Nkuhungu, wana tatizo la aina yake: kuchangia sawa kunamwadhibu mwenye taa 2 na kumbembeleza mwenye jokofu na heta. Mita ndogo ya kila chumba, ikifungwa na fundi mwenye leseni kwa makubaliano na mwenye nyumba, humaliza ugomvi na hupunguza matumizi bila mtu kuhubiriwa. Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo hukatwa kila mwezi unaponunua LUKU, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na kwamba kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayeilipa kupitia mita ahifadhi ujumbe wake na aafikiane na mwenye nyumba irudishwe kwenye kodi ya pango. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka.

Maji

Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Linganisha mwenyewe: dumu likiuzwa shilingi 300, uniti ile ile kwa mkokoteni ni shilingi 15,000. Soma bei ya uniti kwenye ankara yako ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, uone pengo lilivyo. Kwa sababu hiyo, mahali penye mgao, kununua tanki au hata mapipa mawili ya kuhifadhia maji ya siku ya zamu ni njia ya kupunguza matumizi, ingawa mwanzoni inaonekana kama kuyaongeza. Na gharama ya tanki unaweza kuikadiria kwa idadi ya madumu uliyoandika kwenye daftari la mwezi ule wa kwanza.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hujaza karibu dumu zima kwa siku. Choo cha kuvuta kinachovuja ni kibaya zaidi kwa kuwa hakisikiki: tia majivu kidogo au rangi ya chakula kwenye tanki lake usiku, na kama asubuhi bakuli limebadilika rangi kabla ya mtu kulitumia, badilisha mpira wa ndani.

Simu, king'amuzi na vinavyokatwa kimyakimya

Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uombe zile usizozitumia zifutwe. Kisha angalia kama kuna salio linalokatwa kwa huduma ulizojiunga bila kukusudia: mlio wa kuitikia simu, ujumbe wa michezo, nyota au mapenzi. Piga huduma kwa wateja, omba uondolewe kwenye zote, na usikubali kukata simu kabla hujatajiwa moja moja zilizoondolewa.

Vifurushi vya siku mara nyingi huwa ghali zaidi kwa kila megabaiti, na familia ya watu wazima wanne wanaojiunga kila siku kila mmoja kivyake inaweza kukuta kwamba kifurushi kimoja kikubwa cha mwezi cha intaneti ya nyumbani kinawatosha kwa bei ndogo. Inaweza pia isiwe hivyo, ikiwa wote hurudi saa 2 usiku na kulala saa 4. Hesabu iamue.

Kwa king'amuzi, uliza ni chaneli zipi zilizotazamwa kweli mwezi uliopita. Mara nyingi jibu ni taarifa ya habari, tamthilia moja na mpira. Shusha kifurushi hadi kile kinachobeba hizo, na miezi ambayo ligi zimesimama kishushe zaidi. Huduma za filamu zinazokatwa kwenye kadi ya benki zifutwe ndani ya akaunti yenyewe, kwa sababu kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato.

Deni linalozunguka

Kati ya yote yanayojirudia, hakuna linaloumiza kama mkopo mdogo unaochukuliwa kila mwezi ili kufidia mkopo mdogo wa mwezi uliopita. Kukopa salio, kuruhusu muamala upite kwa mkopo wa simu, kukopa kwa mtu anayeweka kadi yako ya benki rehani: kila mara kuna ada, na ada hiyo haionekani kwenye bajeti kwa sababu imevaa sura ya msaada. Mikopo ya mitaani iliyopewa jina la kausha damu imestahili jina hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Kabla ya kukopa popote, hakiki kwanza kama mkopeshaji ana leseni.

Mtumishi wa umma anapaswa kubakiwa na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Theluthi hiyo ni kinga, naye anayeizunguka kwa kukopa nje ya mfumo wa mshahara anaivunja yeye mwenyewe. Njia ya kutoka ni ngumu lakini inaeleweka: orodhesha madeni yote kwa gharama ya mwezi ya kila moja, lipa kiwango cha chini kwa yote, na akiba yote ya miezi miwili au mitatu ya mwanzo ielekezwe kwenye lile lenye riba kubwa zaidi hadi life. Katika miezi hiyo, mpango wa chakula cha msimu usubiri. Kama uko kwenye vikoba viwili na unakopa cha Jumanne ili kulipa cha Ijumaa, maliza mzunguko wa kimoja na utoke kwa heshima.

Michango ya sherehe

Sherehe ni undugu, na anayejitenga kabisa siku yake hukosa watu. Kinachohitajika ni mpaka. Amueni mwanzoni mwa mwaka kiasi cha michango yote, kigaweni kwa ndugu wa karibu, majirani na kazini, na kikiisha kimeisha. Ahadi iwe ndogo na ilipwe yote mara moja, kwa kuwa mweka hazina humshukuru zaidi anayelipa 30,000 leo kuliko anayeahidi 100,000 na kuanza kujificha. Ujumbe wa kukataa hauhitaji visingizio, huu unatosha: "Ndugu mweka hazina, tumepokea kadi na tunawapongeza maharusi. Mwaka huu fungu letu la michango limekamilika, hivyo hatutaweza kuchangia fedha, lakini mke wangu yuko tayari kusaidia maandalizi ya jikoni siku ya sherehe."

Nyumba mbili

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi baada ya mwaka 2016, familia nyingi za watumishi zimeishi kwa miguu miwili, mmoja hapa na mwingine Dar es Salaam. Kaya hizo hulipa vyote mara mbili. Ikiwa kuhamisha familia bado hakuwezekani kwa sababu ya shule, angalau nyumba yenye mtu mmoja isiwe na king'amuzi, isiwe na vyumba vitatu, na safari za nyumbani zipangwe kwa tarehe mwezi mzima kabla ili tiketi ya treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, ikatwe mapema, badala ya kujikuta Ijumaa jioni huna pa kukaa isipokuwa kwenye gari dogo la kuchangia.

Kwa wanaofanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na kuishi mjini, kushirikiana gari moja kwa watu wanne na kugawana mafuta hupunguza nauli bila kumwondolea mtu hadhi. Ila anayefikiria kuhama karibu na kazi ahesabu pia ada ya dalali na kodi ya miezi ya mbele.

Chakula na nishati ya kupikia

Hapa ndipo fedha nyingi ilipo. Mafuta ya kupimiwa, mchele wa robo kilo na mkaa wa kopo vina bei inayoonekana ndogo, lakini muuzaji aliyegawa gunia moja kuwa makopo ameilipia kazi yake ndani ya kila kopo. Fanya jaribio moja: siku ukinunua gunia la mkaa, lipime kwa kopo lile lile unalouziwa, uzidishe kwa bei ya kopo. Tofauti utakayoipata ndiyo uliyokuwa ukiilipa kila gunia. Jiko banifu hupunguza mkaa wenyewe, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi kwenye moto wowote. Jiko la presha la umeme huivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme, na kwa nyumba inayopika maharage mara tatu kwa wiki kulinunua ni uamuzi wa busara.

Sasa chakula cha mwaka. Familia inayokula kilo moja na nusu ya unga kwa siku humaliza gunia la mahindi la kilo 100 kwa takribani miezi miwili, hivyo magunia 6 ndiyo mahitaji ya mwaka. Si lazima kuyanunua yote. Hata magunia 3 ya Julai yatakuvusha miezi ya bei mbaya iwapo utayafungua Desemba. Soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, liko kwenye barabara kuu ya Morogoro, na majirani wanne wakikodi gari moja gharama ya usafiri hugawanyika. Ongeza karanga, mtama na mafuta ya alizeti kutoka kwa mkamuaji, vyote vikiwa mazao ya kanda yetu. Mboga zikijaa wakati wa mvua, kausha mlenda na majani ya kunde kama wanavyofanya mama zetu wa Kigogo, na uvitunze kwa kiangazi.

Ila usinunue mahindi ambayo hayajakauka kwa sababu tu ya bei yake ndogo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na fangasi wanaoizalisha hustawi kwenye nafaka isiyokauka. Kabla ya kulipa, tia konzi ya mahindi kwenye chupa safi na kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, itikise kwa dakika chache, kisha uitulize: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Yakiwa makavu, chagua yaliyooza na yenye ukungu uyatupe, yahifadhi kwenye mifuko yenye tabaka tatu isiyopitisha hewa, uiweke juu ya mbao mbali na ukuta, na usiufungue mfuko kila siku, maana hewa ikiingia dumuzi hupona.

Yasiyoguswa

Bima ya afya isikatwe. Homa moja ya mtoto inaweza kula akiba ya mwaka. Chakula cha mchana cha mwanafunzi kisikatwe. Na mshahara wa dada wa kazi usiguswe: usishuke chini ya kima cha chini cha kisheria, na usicheleweshwe kwa kisingizio cha kubana matumizi, kwa sababu hakuna haki katika akiba inayotoka mfukoni mwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote nyumbani.

Yaliyokatwa yaandikwe kwenye ukurasa mmoja pamoja na kiasi chake, na siku ile ile mshahara unapoingia, jumla hiyo ihamishiwe kwenye akaunti tofauti isiyo na kadi. Baada ya miezi mitatu rudieni kikao na daftari lile lile: linalokosekana kweli lirudishwe bila aibu, lililorudi bila ruhusa likatwe tena, na bei ya gunia Kibaigwa iulizwe kwa simu mapema, wiki za kwanza za Juni.